Maharage ya Utafiti

Maharage yakianza kuchemka jikoni kwangu, ile harufu ya kwanza ya mvuke hunirudisha Gasenyi, kwenye kibanda tulichojenga baada ya kukimbia vita mlimani kwetu.

Msichana mmoja wa chuo kikuu alikuwa akija kwa mama kila wiki. Walikuwa wamepanda pamoja aina tatu za maharage, wapate kujua ipi inaufaa udongo ule. Yeye alipima kwa kamba, mama alipima kwa vidole.

Siku ya mavuno, risasi zikaanza kulia upande wa mjini. Msichana akashika mfuko wake, akataka kukimbia arudi mjini.

"Apana, mutoto wangu," mama akamwambia. "Leo unalala hapa."

Chakula hakikuwepo, isipokuwa yale maharage. Mama akachota kidogo kila aina, akayatia yote katika chungu kimoja, nami nikapuliza moto. Msichana akaanza kulia.

"Mama, hatujayapima bado!"

Mama akaendelea kupika, hata akayaonja kwa kijiko. "Andika ile nyekundu imeiva mbele ya zingine. Mi ni makaa inanisumbua, na ile inaiva mbele inakula makaa kidogo. Profesa wako anajua ile?"

Msichana akacheka machozi yakimtoka, akafungua daftari. Tulipomaliza kula, akamwomba mama jina, aliandike kando ya lake mwenyewe.

"Andika na huyu mutoto," mama akasema. "Si ndiye alipuliza moto?"

Akatuandika polepole, kwa herufi kubwa. Hadi siku ile, jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye orodha za wakimbizi tu.