Jina Lililobaki Mtoni

Katika mwaka wangu wa mwisho wa shule ya ualimu, mwalimu wetu wa mbinu za kufundisha alichoshwa na kitabu cha kusoma tulichoachiwa na Wabelgiji. Ndani yake mtoto mmoja alikuwa anateleza kwenye theluji, amevaa glavu. "Nani mu Lubumbashi huku anavaa glavu?" alituuliza. Mwenzetu mmoja akajibu kwamba baba yake huvaa, kwenye tanuru la shaba, tukacheka sana. Lakini tulimwelewa. Alituagiza kila mmoja wetu aende kwenye nyumba za wanafunzi atakaowafundisha, akusanye hadithi za makabila yote yaliyomo darasani, aziandike kwenye daftari na kuzifundisha wakati wa mazoezi.

Mimi nilikuwa mtu wa kujiona, sifichi. Nilitaka daftari langu lishinde mengine yote. Katika mtaa wa Makomeno, mke wa mfanyakazi wa mgodi alinipa hadithi ya bibi harusi aliyegundua kwamba mume wake hana kivuli. Fundi cherehani mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, alinipa ya mfalme aliyesahau mlango wa nyumba yake, akasimulia yote bila kuuondoa mguu kwenye cherehani. Ya tatu, iliyoniponza, niliipata Naviundu, kando ya mto wenye jina hilo.

Nilikuwa nafanya mazoezi katika darasa la tatu la shule moja karibu na mto huo. Humo alikuwamo msichana wa miaka tisa ambaye sauti yake niliisikia mara moja tu kwa siku, asubuhi, nilipoita majina na yeye kujibu "Présente", yaani nipo. Aliishi na nkambo wake, bibi mzaa mama, aliyetoka Kasenga na kuuza samaki wakavu. Nilimkuta bibi huyo uani anageuza samaki wake juani, nikaketi kwenye kigoda, akanipa hadithi bila kuniangalia.

Ilikuwa hadithi ya mtoto aliyetumwa kuteka maji. Sauti inamwita kutoka mtoni, naye anaitikia. Anaingia maji ya miguu, kisha ya magoti, ya kiuno, ya kifua. Kila hatua wasikilizaji wanamwimbia: "Rudia, mutoto, bukari inapola." Bukari ni ugali wetu, na wanamwambia arudi kabla haujapoa. Maji yakifika shingoni, watu wote wa nyumba wanamwita jina lake mara tatu, anaitika, anageuka, anarudi kula.

"Mwana yangu," bibi aliniambia alipomaliza, "mu hii hadisi mutoto hana jina. Ule mwenye kusema njo anabeba jina ya mutoto moya mwenye iko pale. Lakini kama unabeba jina, unarudisha siku ile ile. Apana kuacha mutoto mu mayi."

"Ndiyo, nkambo," nilimjibu. Nikaandika yote isipokuwa hayo ya kuchukua jina na kulirudisha siku ile ile.

Msinilaumu haraka. Miaka ile majina yalikuwa yamebadilishwa kwa amri ya serikali. Mimi mwenyewe nililala na jina la ubatizo nikaamka na jingine, na sikuumwa hata kichwa. Nilidhani jina ni nguo tu, unavua hili unavaa lile.

Siku ya hadithi ilikuwa Jumatano. Nilichukua jina la yule msichana mkimya, na nia yangu ilikuwa njema: nilitaka wenzake wamwone, naye apate kusikika. Kweli alitabasamu niliposema jina lake. Watoto waliimba vizuri, madawati yakagongwa. Tulipofika maji ya magoti, mkuu wa shule akafungua mlango. Mgeni wa serikali anapita, akasema, shule zote zitoke barabarani na bendera, watoto wacheze ngoma. Tulisimama juani hadi saa saba mchana. Mgeni hakupita.

Kesho yake, nilipoita majina, msichana hakujibu. Alikuwa ameketi pale pale mbele yangu, macho wazi. Nikaita tena. Jirani yake akasema, "Iko hapa, Mwalimu." Nikaandika yupo. Aliposimama wakati wa mapumziko niliona soksi zake zimelowa, na miguu yake, mpaka magotini. Ulikuwa mwezi wa sita, hakuna mvua, na bomba la shule lilikuwa limekauka wiki nzima. Nilimgombeza kwa kucheza mtoni.

Ijumaa sketi yake ya buluu ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Safari hii sikumgombeza, kwa sababu nilimwona akiingia getini mkavu. Niligeuka kufuta ubao, nikageuka tena, maji yalikuwa yanadondoka chini ya benchi lake. Hakuna mtoto aliyecheka, na darasa la tatu hucheka hata nzi akitua. Ningeweza kuimalizia hadithi palepale. Lakini kipindi cha hadithi kilikuwa kimoja kwa wiki, daftari la maandalizi lilisema hesabu, na mimi nilifuata daftari.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya wote ya kufagia mitaa, hakuna masomo. Nilipotua ufagio nilikwenda Naviundu moja kwa moja. Bibi hakunikaribisha kiti.

"Tangu siku ya tatu, ile ya hadisi, namwita, haitike," alisema. "Saa sita ya muchana, akitoka ku masomo, anaenda ku muto, anasimama pembeni. Miye namushika mukono. Mukono iko baridi. Ulimwacha mu mayi, weye."

"Nkambo, niimalizie sasa, hapa."

"Na kinywa ya nani? Bale balianza kuimba, njo bao banamaliza. Bote. Kama mayi inafika ku shingo na hamuyamwita, basi."

Hakusema basi nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliona kwamba guu litakalovunjika si langu. Niliogopa, nasema wazi, hata kurudi nyumbani nilipita barabara ya juu ili nisiuone mto.

Na bado nilijitafutia nafasi ya kuchelewa. Jumatatu saa mbili ndipo mkaguzi angekuja kuniona nikifundisha somo la mtihani, na bila somo hilo hakuna diploma. Baba yangu alikuwa ameuza redio ili nifike hapo. Nilijiambia mkaguzi ataondoka saa nne, na saa nne na dakika moja tutaimba.

Jumatatu mkaguzi aliketi nyuma, mzee mwenye abakosti ya kijivu, lile koti la zama zile lisilovaliwa na tai, kalamu mkononi. Nilianza kuita majina. Nilipofika kwa msichana, kimya. Alikuwa amelowa kifuani. Niliendelea na jina lililofuata, kisha nikaandika ubaoni: ndoo tatu, kila moja lita kumi na mbili.

Nilipogeuka, maji yalikuwa yametandaa chini ya benchi lake na kwenda taratibu kwenye sakafu ya saruji kuelekea nyuma. Mkaguzi aliinua kiatu kimoja, akatazama dari. Msichana alikuwa ameinua kidevu, namna mtu anavyokiinua anapotaka kupumua ndani ya maji. Kola yake nyeupe ilikuwa inabadilika rangi mbele ya macho yangu, kutoka chini kwenda juu.

"Ndoo tatu za lita kumi na mbili," nilisema. "Nani anajibu?"

Mtoto mmoja wa benchi la mbele akaanza, polepole, bila kunyoosha kidole. Wengine wakamfuata. "Rudia, mutoto, bukari inapola."

Niliacha chaki ianguke. "Maji yakafika kiunoni," nikasema, na wakaimba. "Maji yakafika kifuani." Wakaimba. Nyuma mkaguzi aliniita mwananchi, kama ilivyoamriwa miaka ile, "Citoyenne! Hili si somo lililopangwa!" Niliendelea. "Maji yakafika shingoni. Tumwite."

Tuliliita jina lake. Hakuitika. Tukaliita tena, na hapo nilisikia sauti nzito ndani ya sauti za watoto. Mkaguzi alikuwa amesimama, anaita nasi. Msichana alikuwa amefumba macho. Mara ya tatu niliita kwa nguvu zangu zote, na nilijua kwamba hakuna mara ya nne.

"Présente," akasema.

Akaanza kutetemeka kwa baridi na kulia, kama mtoto yeyote aliyelowa. Nilivua sweta langu nikamvisha. Mkaguzi aliketi, akaandika kwa muda mrefu. Kwenye somo la hesabu alinipa sifuri, nikarudia mwaka. Baba hakunisemesha hadi Krismasi. Siku ile, alipokuwa anatoka, mkaguzi alisimama mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, "Nani alikuambia ya kuita mara tatu? Kwetu tulikuwa tunaita mara tatu." Hakungoja jibu.

Watoto walipotoka, msichana alibaki, sweta langu likimfika magotini. Hakuwa amewahi kuniambia neno zaidi ya lile la asubuhi.

"Mwalimu," alisema, "nilikuwa nabasikia. Munaimba karibu-karibu, tangu siku ya bendera. Nilikuwa nangoya muniite." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mulikawiya. Juu ya nini?"

Ningeweza kumwambia habari za daftari, za kipindi, za diploma. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile iliyolowa nikamwomba msamaha, nikimtaja kwa jina lake.