Kiti Kimoja Kila Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini niliuza kiti kimoja kwa watu wawili. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa tiketi na chama cha ushirika cha wenye magari ya abiria mjini Kisii, na Meneja wa Steji alikuwa amenifundisha kazi ile mara mbili asubuhi hiyo hiyo. Unaandika jina la abiria, kituo anachokwenda na nambari ya kiti. Unachana nusu unampa abiria. Nusu inayobaki kitabuni, ambayo sisi tuliiita kishina, unaitunza, maana ndiyo ushahidi wako. Mimi kwa woga niliandika nambari tano mara mbili, na kabla ya saa nne mwalimu mmoja na mfanyabiashara wa ndizi walikuwa wanagombana mlangoni mwa gari la Marani.

Meneja alikuja, akaangalia vishina vyangu, akamwambia mfanyabiashara asubiri gari linalofuata. Kisha akanigeukia.

"Karani Moraa, kiti ukishakiandika ni cha mtu. Hata akija chifu baada yake, mwambie angoje. Umeelewa?"

Nilielewa. Sikurudia kosa lile katika miaka yote ya kazi.

Nilikaa Kisii mpaka nikaijua foleni ya magari kwa masikio tu. Halafu nikapelekwa Nyamira, chini ya Katibu wa Tawi, mtu mpole aliyependa karatasi kuliko watu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvisoma vishina: siku gani magari yanajaa, saa gani yanatoka na nafasi. Jumamosi, kwa mfano, karibu nusu ya magari yetu yalilala nyumbani kwa sababu wenyewe, Wasabato, walikuwa kanisani. Mambo haya niliyaona ya kuchosha. Sikujua kwamba yatanifaa.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Tabaka. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kuuzia tiketi, na nje yake kila asubuhi kulipangwa maboksi ya vinyago vya mawe vilivyofungwa kwa majani makavu ya migomba, vikisubiri kwenda kwa wanunuzi. Huko ndiko nilikokutana na Bosibori.

Alikuwa mama kijana. Mumewe alichimba mawe machimboni, na yeye mwenyewe alisugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji, kazi wanayoifanya wanawake wengi huko. Mtoto wao, Kwamboka, alikuwa amezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Alikuwa anakaribia mwaka mmoja ndipo jirani alipowaambia kwamba mjini kuna kliniki inayonyoosha miguu ya namna hiyo. Wanaifunga plasta, baada ya wiki wanaikata, wanausogeza mguu kidogo, wanafunga nyingine. Kila Alhamisi, bila kuruka.

Alhamisi mbili nilimwandikia tiketi. Ya tatu hakuja. Ijumaa nikamfuata kwenye karai lake, nikamsalimu kwa Kigusii.

"Bwakire, Bosibori. Jana sikukuona."

"Bwakire, mama." Hakuinua macho. "Mawe hayajatoka wiki hii. Nimeuambia mguu ungoje."

Maneno yale hayakuniacha. Wiki iliyofuata nilipokuwa mjini nilipitia kliniki nikamuuliza Sista wa Plasta, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwani, ambaye alizungumza na sisi Wagusii kwa Kiswahili chake cha haraka haraka.

"Mguu hauna kungoja," aliniambia. "Akikosa wiki mbili, tatu, unarudi ulikotoka na tunaanza upya. Wengi nawapoteza hivyo. Watu wanafikiri hawa kina mama hawajali. Wanajali sana! Ni nauli tu, mama. Plasta ninayo, dawa ninayo. Kile sina ni gari."

Nilirudi Tabaka nikafungua vishina vya miezi kadhaa. Magari yetu ya asubuhi siku za Alhamisi yalitoka kila moja na kiti kitupu karibu kila wiki, na yale ya kurudi mchana pia. Nikaona jambo liko wazi. Hatukuhitaji kumwomba mtu yeyote fedha. Tulihitaji kiti kimoja tu kwa kila gari.

Mwenyekiti wa Chama hakuona hivyo.

"Kiti kisicho na nauli kinakunywa mafuta sawa na chenye nauli," alisema.

"Kiti kitupu pia kinakunywa, Mwenyekiti. Na hiki ni kitupu tayari. Vishina hivi hapa."

Alivigeuza kwa muda mrefu. Mwishowe alikubali kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba tiketi za viti hivyo zichapishwe upya, za rangi ya waridi, zenye jina la chama na neno MSAADA kwa herufi kubwa, ili watu wajue tunafanya wema. Nikaona ni sharti dogo. Nilizipeleka kuchapishwa mimi mwenyewe.

Sista alituma majina ya wagonjwa wanane wa upande wa Tabaka. Wiki ya kwanza wote wanane walipanda. Ya pili walikuwa sita, na ya tatu wanne. Sista alinipigia simu kuuliza kama mradi umekwisha.

Sababu niliijua asubuhi moja ya Alhamisi nilipokuwa nafungua dirisha. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na barabarani nikamwona mtu anapita kwa haraka na mtoto mgongoni, miguu ya plasta imening'inia pande zote mbili kama matofali. Nilitoka mbio.

"Bosibori! Unaenda wapi kwa miguu?"

"Kliniki."

"Ni mbali mno! Tiketi yako iko wapi?"

Aliitoa kwenye leso, ile ya rangi ya waridi, imekunjwa vizuri, haina hata doa.

"Mbona hupandi?"

Aliikunja tena. "Wiki iliyopita kondakta alisema mbele ya watu, wenye nauli wapande kwanza, wale wa msaada wakae kando. Jirani yetu alikuwa ndani ya gari. Tulipofika nyumbani, mume wangu alikuwa ameshasikia. Mama, afadhali nitembee. Nikichoka, nitachoka peke yangu."

Nilitaka kumkasirikia kondakta. Lakini neno lile hakuliandika kondakta. Nililichapisha mimi, na nikalipia boda boda ilete maboksi ya tiketi hizo ofisini.

Nikamshika mkono, nikampeleka dirishani. Nilichukua kitabu cha tiketi za kawaida, nikaandika jina lake, nikaandika Kisii, kiti nambari tatu. Kwenye kishina nikaweka nukta moja ya kalamu, ili mimi na ofisi tujue. Kwenye nusu yake hapakuwa na alama yoyote. Aliigeuza mbele na nyuma.

"Hii ni ya watu wote?"

"Ni ya kiti nambari tatu. Nenda ukakikalie."

Kondakta, jina lake Momanyi, aliipokea, akaisoma, akamshikia mfuko apande. Gari lilipoondoka nilizichukua tiketi zote za waridi, nikaenda nazo nyuma ya ofisi nikazichoma.

Habari zilimfikia Mwenyekiti siku ile ile, akaja Tabaka mwenyewe.

"Umechoma mali ya chama! Watu watajuaje tunasaidia?"

"Hawatajua, Mwenyekiti."

"Basi faida yetu ni nini?"

Nilimwomba jambo moja, aje nami kliniki Alhamisi ambayo Kwamboka angetolewa plasta ya mwisho, halafu anifukuze akipenda. Nilifikiri atakataa. Alikuja, amevaa koti lake la mikutano, akaketi kwenye benchi refu pamoja na kina mama, magoti yamebanwa na mifuko ya nguo za watoto.

Sista alikata plasta polepole kwa mkasi wake mzito. Miguu iliyotoka ilikuwa myembamba, ngozi imekauka na kubanduka, lakini nyayo zilikuwa bapa. Zilielekea mbele. Bosibori alizigusa kwa kidole kimoja tu, kana kwamba zingevunjika. Kisha akamshusha mtoto sakafuni. Kwamboka aliyumba, akatafuta cha kushika, na kilichokuwa karibu ni goti la Mwenyekiti. Akalishika kwa mikono miwili, akasimama.

Mzee yule hakusogeza mguu. Hata pumzi aliishika. Tulikaa hivyo mpaka mtoto mwenyewe alipoketi.

"Atarudi nyumbani na gari la saa ngapi?" aliuliza bila kunitazama.

"La saa saba."

"Kiti kipo?"

"Kipo, Mwenyekiti."

Hakunifukuza. Katika mkutano uliofuata wa wenye magari alisimama yeye mwenyewe kuutetea mradi, na neno msaada hakulitaja. Tukaingiza njia ya Marani, kisha Birongo. Kwamboka alivaa kwa miaka kadhaa vile viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, na safari zake za kukaguliwa zilikuwa na kiti. Baadaye walikuja wazee wa macho, wajawazito, na watu wanaosafishwa damu kwa mashine kila wiki. Wako waliotudanganya ili wapate safari ya sokoni. Walikuwa wachache, na sikuwahi kuona kwamba inafaa kumwaibisha mkweli kwa sababu yao. Siku hizi tiketi ni ujumbe wa simu, na msomaji kijana huenda hajawahi kuona kishina. Nukta ya kalamu imekuwa herufi moja ambayo ofisi pekee ndiyo inaijua.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi wa Tiketi. Wananiuliza kama najivunia. Najivunia, lakini ninachokikumbuka zaidi ni zile wiki tatu ambazo wema wetu uliwafukuza watu, nasi tukidhani tunawasaidia. Asiyerudi dirishani hakuambii kwa nini. Ni wewe utakayemfuata umuulize.

Sasa niko nyumbani, nachuma chai yangu. Juzi chama kimoja cha magari cha Nyamira kiliniita niwasaidie kuanzisha mradi wa namna hiyo. Katibu wao, mwanamume wa makamo, alikuwa ameandaa fomu ya kurasa nne: mapato, idadi ya ng'ombe, barua ya chifu, barua ya kanisa.

"Mama Moraa," aliniuliza, "tutajuaje kwamba mtu ana shida kweli?"

Nilizisoma kurasa zote nne, kwa sababu alikuwa amejitahidi. Kisha nikamrudishia.

"Muulize anakwenda wapi," nilimwambia, "na anatakiwa afike saa ngapi. Halafu mwandikie kiti."