Picha Mbili Nilizoziruka

Kaka yangu hakuja kumzika mama. Alikuwa Amerika, karatasi zake za kukaa zilikuwa zimepitwa na muda, na angetoka hangeruhusiwa kurudi kumaliza chuo. Mimi nilielewa. Baba hakuelewa. Mchungaji aliposema watoto watupe udongo kuanzia kifungua mimba, watu wote waligeuka kumtafuta mtu ambaye hayuko, na baba akasema polepole, "Endelea tu." Tangu siku hiyo hakumtaja tena. Kaka akipiga simu kwa duka la Giakanja, ni mimi niliyekwenda kuipokea. Nikirudi, baba haniulizi kitu. Anauliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa kidato cha tatu, na saiba pekee ya intaneti niliyoijua mjini Nyeri ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, chenye kompyuta tatu na skana moja. Aliyeiendesha alikuwa dada mmoja, binti wa polisi aliyehamishwa kutoka Kakamega. Alicheka sana na aliongea kwa nguvu, na mimi nilimwogopa.

Kaka alikuwa ametengeneza tovuti ndogo ya familia yetu. Ilikuwa na picha ya mama na maneno machache. Mwezi wa nane, nikiwa likizo, aliniandikia barua pepe: anataka tuongeze humo picha ya boma lote, ile ambayo mtu anaivuta kwa mausi inazunguka, ni kama amesimama katikati ya uwanja anageuka. Kutuma picha kwa posta kungechukua mwezi, na hakutaka kungoja. Alinipa neno la siri la tovuti na maagizo. Simama mahali pamoja. Piga, geuka kidogo, piga tena. Kila picha iingie kidogo kwa ile iliyotangulia, ndiyo zishikane. Mwishoni aliandika, "Nataka kumwona mama alipo."

Hiyo ya mwisho ndiyo nilimwambia baba, nikiangalia miguu yangu.

"Anataka kuona kaburi?"

"Ndio, baba."

"Anajua njia ya kuja. Kaburi haipigwi picha na mimi niko."

Niliazima kamera ya shangazi, ambaye ni mwalimu Endarasha. Niliweka pipa tupu katikati ya uwanja, kamera juu yake. Kwa protrakta ya shule niligawa duara mara kumi na mbili, nikaweka alama kwa chaki kwenye kifuniko cha pipa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa kahawa. Baba alikaa mlangoni akipukuchua mahindi. Alama ya kwanza mpaka ya sita nilipiga: nyumba, ghala, zizi, lango, njia, ua wa miiba ya kaiyaba. Ya saba na ya nane ndiko mama alikolala, kati ya ua na jikoni. Mikono ya baba ilisimama. Niligeuza kamera mpaka alama ya tisa, nikapiga jikoni. Mikono ikaanza tena, nami nikamaliza mpaka ya kumi na mbili.

Picha zilipotoka kusafishwa studio, dada wa saiba aliziskani moja moja, akazipanga kwenye kompyuta.

"Hizi ni kumi," akasema. "Si ulisema kumi na mbili?"

"Ni kumi."

"Wewe msichana, mbona unaongea kama mtu anaomba msamaha? Hapa kati ya ua na jikoni kuna nini?"

Ningesema tu. Ningesema kuna kaburi la mama na baba amekataa. Lakini kulikuwa na mwanamume anapigisha chapa barua nyuma yetu, na dada sauti yake ni ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nikasema, "Hakuna kitu. Ni nyasi."

"Basi niunganishe?"

"Unganisha."

Akavuta ukingo wa ua mpaka ukagusa ukuta wa jikoni, akafuta kidogo pale palipoachana. Alikuwa na mkono mzuri, hungeona pahali pa kuungana. Kisha akanifundisha ile sehemu nyingine: kuipakia ile programu ndogo ya kuzungusha ambayo kaka alituma, kuipakia picha, halafu kuandika kwenye ukurasa ile mistari michache inayosema picha iko wapi na upana wake ni ngapi. Tulikosea upana mara mbili, boma letu likatokea limebanwa kama limekanyagwa. Mara ya tatu ilifunguka. Ilichukua muda mrefu kujaa. Nikashika mausi, nikavuta, na nyumba yetu ikaondoka upande wa kushoto polepole, ikaja ghala, likaja zizi.

"Haiya!" dada akasema. "Mpaka kuku anaonekana."

Nilizunguka mara tatu. Ua, halafu jikoni. Boma letu lilikuwa zuri, limekamilika, na mama hakuwa amewahi kufa humo. Nilifunga ukurasa nikaenda nyumbani.

Jibu la kaka nilikuta wiki iliyofuata. Nilifikiri atauliza mbona tumeruka. Hakuuliza hivyo. Aliandika:

"Nimezunguka hiyo picha tangu jana. Hayuko. Mlimzika wapi? Alizikwa kwa makaburi ya mji? Kwani shamba liliuzwa nikiwa huku, ama baba alikataa azikwe nyumbani? Niambie ukweli, mimi si mtoto."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kwetu mtu mwenye shamba analala kwa shamba lake. Makaburi ya baraza la mji, yale tunayoita ya kanso, ni ya wale wasio na mtu wala udongo, na mke akipelekwa huko watu wanajua alifukuzwa. Sikuwa nimeficha kaburi tu. Nilikuwa nimemfanya kaka aamini mama alikufa akiwa si wa kwetu.

Dada wa saiba alinichapia ile barua kwenye karatasi. Aliisoma ikitoka, huwezi kumzuia. Mara hiyo hakucheka. Alisema, "Kumbe. Ungeniambia, mdogo wangu," kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Nilimkuta baba anakatia ng'ombe majani. Nilimwambia yote, hata ile ya kusema ni nyasi. Kisha nikamsomea. Nilipofika kwa makaburi ya mji akaweka panga chini.

"Soma hapo tena."

Nikasoma.

"Ati mimi nimpeleke mama yenu kwa makaburi ya kanso?"

"Ni mimi, baba. Nilisema hakuna kitu."

"Wewe ulisema kwa sababu mimi nilisema." Akaangalia upande wa jikoni. "Miaka ishirini na tano amelima hapa. Huyo kijana anafikiria mimi ni mtu wa namna gani?"

Nikaikunja ile karatasi.

Jumamosi alikatia kaburi nyasi pande zote na kuunyoosha msalaba. Akaingia ndani akatoka amevaa koti la suti, lile la mazishi. "Leta hiyo mashini ya shangazi yako," akasema. Nilirudisha pipa mahali pake. Nilipoangalia kwa alama ya saba alikuwa amesimama kando ya msalaba, kofia mkononi, wima kama anaapishwa. Nilitaka kumwambia picha hii si ya watu. Nikapiga. Kwa alama ya nane bega lake lilikuwa bado limeingia, nikapiga hivyo hivyo.

Kule saiba, dada aliweka zile mbili katikati, akakunja uso. Zile kumi zilikuwa za ukungu na hizi mbili za jua. "Zitaonekana zimeshonwa. Nijaribu kuzififisha?"

"Ziache," nikasema, na nikashangaa kwamba nimesema kwa nguvu.

Tukabadilisha ule upana kwenye ukurasa, tukapakia upya. Sasa ukivuta unapita ua kwenye ukungu, halafu ghafla jua, baba na msalaba, halafu tena ukungu na jikoni.

Siku tatu kaka hakuandika. Ya nne alipiga simu kwa duka. Laini ilikuwa inakwaruza. Akauliza, "Baba alikonda lini hivyo?"

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa kwa zizi, anakamua. Safari hii aliuliza mwenyewe, bila kugeuka, "Alisema nini?"

"Anauliza umekonda lini."

Maziwa yaliendelea kupiga ndoo.

"Mwambie sijakonda," akasema. "Mwambie hiyo koti ni kubwa."