Plasta ya Jicho Zima

Juzi, sokoni Kituku, nilimwona mtoto wa kike aliyebandikwa plasta kwenye jicho moja. Alikuwa akijikwaa kati ya beseni za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mama yake akimshika mkono. Nikasikia tena harufu ya gundi ile.

Nilipokuwa mdogo kama yeye, daktari wa macho ya watoto alinifunga kwa plasta jicho la kulia, lililokuwa zima. La kushoto, lililoona ukungu mtupu, akaliacha wazi. Kutoka kwa daktari, Himbi, hadi kwetu Majengo nilianguka mara tatu juu ya mawe ya volkano. Niliamini daktari amekosea jicho. Mama naye aliamini hivyo.

“Ni munganga gani anafunga jicho yenye iko muzima?” alisema, akiniosha damu magotini. Kisha akabandua plasta polepole, akaihamishia kushoto. “Sasa unaona, mutoto yangu?”

Niliona kila kitu: makaa yakiwaka, mafuta yakirukaruka kwenye kikaango, uso wake ukitulia.

Kila tuliporudi kwa daktari, mama aliirudisha plasta kulia tukiwa bado barabarani, kwa heshima tu.

“Anaivaa kila siku?”

“Kila siku, docteur.”

Hakudanganya. Siku hizi najua kwamba jicho zima lilifungwa ili lile dhaifu lilazimike kujifunza kuona. Langu halikujifunza, na sasa haliwezi tena.

Pale Kituku mtoto alianguka. Mama yake akainama, akapeleka vidole kwenye plasta.

“Mama, umuachie,” nilimwambia. “Aanguke tu.”

Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na huruma.