Chumvi Chini ya Mlango

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu lilikuwa kuchambua maharage. Mke wangu, Konsolata, alikuwa ameketi mkekani sebuleni na ungo juu ya magoti, akiandaa maharage ya siku iliyofuata. Mimi nilikuwa mezani na ufafanuzi wa Matendo ya Mitume, kile kitabu kinene cha Kifaransa nilichorudi nacho kutoka chuo kikuu. Ndivyo tulivyosoma kwa miaka mingi. Nilisoma mistari katika Biblia ya Kiswahili, kisha nikamfasiria yale ambayo mfafanuzi aliandika juu yake, naye akasikiliza huku akitupa vijiwe pembeni. Jumatano alasiri wanawake wa kanisa walikuja kusoma pamoja nasi. Jioni nyingine tulisoma wawili, tukijiandaa kwa ajili yao.

Tulikuwa tumefika sura ya kumi na mbili. Malaika amemtoa Petro gerezani. Petro amefika kwenye nyumba ya Maria, ambamo waumini wamekusanyika kumwombea, anabisha mlango wa nje. Msichana wa kazi aitwaye Roda anaitambua sauti yake na kwa furaha anakimbia ndani kutoa habari, bila kumfungulia. Wenzake wanamwambia amerukwa na akili. Anaposhikilia neno lake, wanasema basi huyo ni malaika wake. Wakati wote huo Petro yuko nje, anaendelea kubisha.

Nilimweleza Konsolata kwamba mlango ule ulikuwa wa uani, si wa chumba, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mtu mwenye nafasi, na kwamba baadhi ya watu wa wakati ule waliamini kila mmoja ana malaika anayefanana naye. Aliniacha nimalize.

"Kitabu yako iko na kurasa mbili juu ya mulango," alisema, "na juu ya bale ba ndani haina kitu. Juu ya nini habakufungula? Ni muntu wao. Banamuombea, anakuya, banamuacha inje."

"Kinasema hawakuamini."

"Ile haiko jibu. Uliza baba mudogo Anastazi." Akacheka. "Alitueleza ile hadisi yake ku ndoa yetu, batu bakacheka mpaka bakalia. Lakini yeye alikuwa inje. Weye ulikuwa ndani. Haujanielezeaka hata siku moya."

"Kesho," nilisema.

Alichukua haragwe moja kutoka kwenye ungo, akaliweka katikati ya kitabu kama alama, akakifunga. Nusu ya maharage ilikuwa bado haijachambuliwa. Alfajiri hakuamka. Daktari alisema ni moyo.

Haya ndiyo niliyokuwa nimwambie kesho yake.

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, na kila likizo wazazi wangu walinivusha mto kutoka Bukavu na kunileta kwa bibi, kijijini Nyakarenzo, upande wa Rwanda. Bibi mwenyewe alikuwa ameishi Bukavu miaka mingi kabla ya kurudi kwenye shamba la babu, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili chetu cha ng'ambo. Alikuwa Mkristo asiyekosa kanisa. Alikuwa pia na sheria mbili ambazo hakuna mchungaji aliyewahi kumwondolea. Ya kwanza: ukisikia jina lako likiitwa mara moja, na humwoni anayeita, usiitike. Mtu aliye hai ataita tena. Mzimu huita mara moja tu, na ukiitika umemfungulia. Ya pili: mzimu hali chumvi.

Mwaka huo baba mdogo Anastazi alikuwa amekwenda Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe, kupasua mbao. Mpita njia mmoja akaleta habari kwamba mti uliwaangukia wapasuaji, na kwamba Anastazi amezikwa huko huko na wenzake. Ni mbali, mvua zilikuwa zimekata njia, na hakuna aliyeweza kwenda kuona. Tulikaa kilio bila mwili. Siku zote hizo hakuna aliyeshika jembe. Mwishoni tukanyolewa sote, wakubwa kwa watoto, na ninakumbuka hadi leo matone ya kwanza ya mvua juu ya kichwa kisicho na nywele. Asubuhi iliyofuata bibi alibeba jembe akaenda shambani kabla ya watu wote. Sikumwona akilia. Blanketi ya Anastazi alinipa mimi, na jina lake hakulitaja tena.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu. Ukungu wa Nyakarenzo hupanda kutoka bondeni bila sauti. Migomba hupotea mmoja baada ya mwingine, na nyumba inabaki kana kwamba imewekwa ndani ya maziwa. Nilikuwa nimelala karibu na moto, ndani ya ile blanketi, nusu ndotoni. Bibi alikuwa ameshika gogo la kufungia mlango ili aliondoe.

"Mama," sauti iliita huko nje.

Mkono wake ukasimama. Mimi niliijua sauti ile kabla sijafungua macho.

"Ni baba mudogo," nikasema.

"Nyamaza. Ule tulishamaliza kumulia."

Tukasubiri. Moto ulitoa mlio mdogo. Nje hakukuwa na kitu, hata kuku hawakusikika, na kwa muda nilidhani nimeota.

"Mama, fungula. Ni miye."

Aliita mara ya pili. Sheria ya bibi ilikuwa imetimizwa, kwa maneno yake mwenyewe. Hakufungua. Nilikuwa chini, macho yangu yakilingana na mkono wake, na niliona gogo lote likitetemeka mahali alipolishika.

"Leta chumvi," alininong'oneza.

Nilichota kidogo kutoka kwenye chungu kilichokaa kando ya mafiga. Akaiweka kwenye kipande cha jani la mgomba, akapiga magoti, akakisukuma kupitia nafasi iliyokuwa chini ya mlango.

"Ramba," alisema.

Jani likavutwa nje. Kisha sauti ikasema polepole, kama ya mtu aliyechoka kushangaa: "Mama, natoka Bweyeye na miguu. Nina njaa. Na munanipatia chumvi bila ndizi?"

"Ramba, nisikie."

Tulisikia ulimi, kisha kikohozi. "Nimeramba. Kama iko ingine, ilete na maji."

Hata hapo hakufungua. Aliketi chini, mgongo wake ukiegemea mlango, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile ije, bibi alilia. Alilia bila kujificha, mdomo wazi, kama mtoto. Nje, Anastazi naye aliketi. Nilisikia mlango ukipokea uzito wake upande wa pili. "Miye, miko hapa, Mama," alikuwa akisema kila baada ya muda. "Miko hapa." Walikaa hivyo, mgongo kwa mgongo, ubao mmoja katikati yao, hadi bibi alipomaliza kulia.

Bibi alipofungua, Anastazi aliingia na ndevu, fimbo, na mguu uliopona vibaya. Mti ulimvunja huo mguu. Waliokimbia walidhani amekufa, na familia moja ya Bweyeye ikamuuguza hadi akaweza kutembea. Alitutazama vichwa vyetu, cha bibi na changu.

"Nani alikufa?"

Nilijibu mimi. "Ni weye."

Aliegemeza fimbo ukutani. "Na mulinilia muzuri?"

"Muzuri," bibi alisema. "Ilibakia tu kunyoa mbuzi."

"Basi, weye kijana, unirudishie blanketi yangu."

Anastazi alipoisimulia kwenye ndoa yetu, ilikuwa hadithi ya mwanamke mzee aliyeogopa mzimu. Kutoka nje ya mlango ndivyo ilivyosikika. Mimi niliyekuwa ndani niliona mkono. Aliyekwisha kusikia mwito wa pili hana tena sababu ya kuogopa mzimu. Bibi alikuwa amemlia mwanawe hadi mwisho, bila kaburi, akashika jembe. Angefungua akakuta ukungu mtupu, angelazimika kumzika tena, na safari hiyo bila majirani. Aliogopa furaha. Hilo ndilo jibu langu kwa Konsolata kuhusu waliokuwa ndani ya nyumba ya Maria, na halimo katika kitabu chochote nilicho nacho.

Kilio cha Konsolata tulikimaliza hapa mjini Kamembe kwa utaratibu, na watu wakarudi makwao. Jumatano iliyofuata wanawake wa kanisa walifika kama kawaida. Maman Zawadi, auzaye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni na ambaye ndiye sauti yao, alibisha geti na kuniita: "Papa Grace!" Nilikuwa sebuleni na kitabu kilichofungwa mbele yangu. Sikuitika. Walisali kidogo barabarani, wakaondoka. Jumatano zilizofuata ikawa vile vile. Sikuwa na kinyongo nao. Wangeingia, kitabu kingefunguliwa penye haragwe, tungesoma mstari unaofuata, na kuanzia hapo kila mstari ungekuwa mmoja ambao yeye hakuusikia.

Kuna asubuhi moja, ukungu ulipotoka ziwani na ndege ya Kigali ikiwa haijanguruma bado, nilimsikia Konsolata akiniita kutoka jikoni. Mara moja tu. Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu nililala kimya kama nilivyofundishwa, nikingoja mwito wa pili.

Jumatano iliyopita nilikuwa uani, nikiokota majani yaliyoanguka, nikasikia kitu kikikwaruza chini ya geti. Hakuna aliyebisha. Kilikuwa kipande cha jani la mgomba, na juu yake chumvi.

"Papa Grace," Maman Zawadi alisema, bila kupaza sauti, maana alijua niko karibu. "Konsolata alitueleza yote ya yule baba mudogo. Ramba, tujue kama uko muzima. Ao tukanyolewe."

Mwanamke mmoja nyuma yake alicheka, mwingine akamwambia anyamaze, kisha naye akacheka.

Niliinama. Chumvi ilikuwa ya mawe mawe, ile ya kupimwa kwa kikombe sokoni, na ilikuwa na harufu ya samaki ya mikono yake.

"Umeramba?"

"Nimeramba."

"Iko namna gani?"

"Ni chumvi."

"Basi fungula. Jua iko inatuchoma."

Neno "kesho" lilinifika mdomoni. Niliujua uzito wake. Nililimeza pamoja na ile chumvi, nikavuta komeo.

Waliingia, wakakaa mahali pao, na mkeka wa Konsolata hakuna aliyeukalia. Hatukusoma siku hiyo. Niliwaeleza habari ya asubuhi ile ya Nyakarenzo kutoka ndani ya mlango, yote, pamoja na mkono. Hawakucheka hadi mahali pa mbuzi.

"Kwa hiyo bibi alilia," Maman Zawadi alisema.

"Alilia."

"Muzuri." Alisimama, akafunga upya kitenge chake. "Tutarudia kesho mchana. Usome mbele ya siye kufika, kama zamani, usitufundishe na usingizi."

Asubuhi iliyofuata niliushusha ungo kutoka juu ya kabati, mahali ulipokuwa tangu siku ile. Nilipangusa vumbi, nikaketi mkekani, nikachambua ile nusu iliyobaki. Niliyaosha maharage na kuyabandika motoni, sufuria kubwa, kwa kuwa tungekuwa wengi. Kisha nikafungua kitabu. Nilisoma kwa sauti, Petro akibisha, mlango ukifunguliwa, akiwapungia mkono wanyamaze, akiwaeleza, kisha akitoka kwenda mahali pengine. Mfafanuzi anajaza ukurasa mzima kwa makisio ya watu kuhusu mahali hapo, na mwishoni anakubali kwamba Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi ni wapi.

Nilililaza haragwe la Konsolata hapo, nikakifunga kitabu, nikaenda kutia chumvi.