Mgongo Moto, Nyayo Baridi

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti ana mkono unaotangulia kipimajoto. Huanzia mgongoni, katikati ya mabega, kisha hushuka kwenye nyayo, macho kayafumba. Mpwa wangu alipozaliwa, mwepesi kuliko kiatu changu, mama yake angali chumba cha upasuaji, niligusa kile kimgongo nikatangaza, "Moto! Huyu hana shida." Sauti ya muuguzi haipandi hata kidogo. "Gusa na nyayo, mjomba." Zilikuwa baridi kama bomba la asubuhi. "Mtoto mchanga hajui kutetemeka. Ana mafuta ya kahawia hapo mgongoni, anayachoma ili apate joto. Yakiisha, tunampoteza. Vua shati."

Mimi niliyeiacha diploma ya maabara njiani nilikuwa nimekariri habari hizo: mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli za mafuta hayo, huvuja makusudi, chakula kikawa joto tupu badala ya nguvu. Kwenye mtihani nilipata nusu alama. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu mwenye saa tatu tu duniani hufanya kazi hiyo peke yake, kimya, bila kuomba msaada. Muuguzi alimlaza kifuani pangu, akatufunika, akabaki ameshika zile nyayo kwa vidole viwili. Mzaha ulinijia, nikaumeza. Baada ya muda mrefu, midomo midogo ilianza kunipapasa ikitafuta ziwa. "Hapo umepotea njia, mzee," nilimnong'oneza. Muuguzi alifumbua macho. "Mwache atafute," alisema. "Sasa joto analipata kwako, nguvu inabaki."