Idi ya Kufungiwa kwa Nje

Jirani yangu Ubeid anauza kufuli na bawaba Kariakoo, lakini nyumbani kwake, hapa ghorofani kwetu Gerezani, Idi zote mlango huwa wazi. Anaingia shangazi, anaingia mteja, anaingia hata aliyepotea njia, na wote wanatoka wameshiba. Ukarimu mzuri, sikatai. Ila anayepika na kuosha masufuria ni mkewe, Mauza.

Mwaka huu walikuwa na mtoto wa miezi miwili, Zayed, mwenye mapafu ya mpiga debe. Usingizi Mauza alikuwa anausikia kwa majirani tu. Mwezi ulipoandama alimwambia mumewe kwamba kesho akimwona mgeni, atalia mbele yake. Kisha akalia hapo hapo, kama anafanya mazoezi.

Ubeid akanijia na kufuli kubwa kuliko yote dukani.

"Mama Shukuru, wewe Mkristo, kesho huna pa kwenda. Tufungie kwa nje. Watu wakiona kufuli watajua tumesafiri."

"Na mama yako je?"

"Mama yuko Tanga."

Basi asubuhi nikawafungia, ufunguo nikautia kifuani. Wageni walikuja, wakatazama, wakaondoka wakiguna. Azzam, binamu yake, alilitikisa kufuli kama anayetaka kulinunua. Ndani kimya. Mauza alikuwa amelala, na mimi nikafurahi utadhani nimelala mwenyewe.

Mchana akapanda ngazi Bi Ruqaya, mama yake Ubeid, anahema, kabeba hotipoti ya pilau. Kumbe Tanga kaondoka alfajiri awafanyie mshangao. Akaliona kufuli, akaduwaa. Na Zayed, mtoto asiye na haya, akaanza kulia.

"Jamani! Wamemfungia mjukuu wangu peke yake!"

Korido ikajaa. Azzam akarudi mbio, Shomari wa chumba cha mwisho akaja na nyundo. Nami nimesimama, ufunguo unanichoma. Nikiutoa, ukoo mzima utamwangukia Mauza kitandani. Nisipoutoa, mlango unavunjwa.

Hapo mlango ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, shikamoo."

Bi Ruqaya ni mtu wa adabu, aliitikia kabla hajafikiri. "Marahaba." Kisha akashtuka. "Ubeid? Uko wapi?"

"Ndani."

"Nani kakufungia?"

"Nimeomba mwenyewe, Mama. Mauza kalala. Tangu ajifungue hajalala hivi. Nisamehe."

Bi Ruqaya akaiweka hotipoti chini polepole. Kumfungia mama mzazi nje siku ya Idi! Nilingoja laana. Yeye akamgeukia Shomari na nyundo yake.

"Humu hamna mtu. Wamesafiri."

"Shangazi, si tumemsikia Ubeid? Na mtoto analia!" akasema Azzam.

"Hiyo redio."

Zayed akapandisha sauti.

"Redio nzima kweli," akasema Shomari, akaondoka, na wengine nyuma yake. Azzam naye akaona heri aondoke kuliko kubishana na shangazi yake.

Nikautoa ufunguo. Bi Ruqaya akanishika mkono, akatikisa kichwa, akaomba kiti. Akakaa ameuegemeza mgongo mlangoni, na kila aliyepanda ngazi alirudishwa na macho yake tu. Zayed akanyamaza.

"Ubeid."

"Naam, Mama."

"Wewe nilikuzaa wiki moja kabla ya Idi. Watu walianza kuja tangu swala ilipoisha. Nilikuwa napika huku nimekupakata, maziwa yananivuja, na kila anayeingia namchekea. Baba yako alikuwa anawakaribisha tu. Ilipofika jioni nikajificha jikoni nikalia." Akakiegemeza kichwa mlangoni. "Hakutokea mtu wa kunifungia mlango."

Nyuma ya mlango nikasikia mwanamume mzima anavuta makamasi.

"Usilie," Bi Ruqaya akanong'ona. "Utamwamsha mkeo."